Punje Moja Kutoka Juu

Waya wa ua wetu ulikatika tena mwaka ule,
wa tatu kutoka chini, palepale unapovuka ufa.
Hukatika kila baada ya miaka michache,
maana upande mmoja wa shamba la Gjárbakki
unakwenda Amerika
na upande wa pili unakwenda Ulaya,
mwendo wa kucha zinavyoota.
Kondoo hawana habari. Wanakula kotekote.

Baba yangu, Ketill, alikuwa fundi wa kuchomelea.
Aliuunga waya, akaongeza kipande cha urefu wa kidole,
kisha akatundika kingine kama hicho ukutani jikoni:
vipande kumi na kimoja, miaka arobaini na miwili.
"Hivi," alisema, akichovya mkate mkavu kwenye kahawa,
"ndivyo dunia ilivyonenepa."

Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni, na ujuaji wangu wote.
Nikamwambia: sivyo, baba. Kinachozaliwa hapa
huzikwa kwingine. Kule Japani sakafu ya bahari
inazama kama shuka inayochomekwa chini ya godoro.
Akalitazama godoro langu kupitia mlango ulio wazi,
halijatandikwa tangu Jumanne.
"Umeiona ikizama?"
Sikuwa nimeiona.
"Mimi waya nimeuona."

Asubuhi nilikuta karatasi chini ya kikombe changu,
nyuma ya stakabadhi ya sufu:

    Dunia inapanuka,
    ua wangu wakatika;
    mwanangu, acha kucheka,
    pima, kisha unijibu.

Nikapima. Nilifunga sumaku ndani ya mfuko wa plastiki,
nikafagia mifereji ya paa la zizi kiangazi kizima,
kwani vumbi la angani hutuangukia usiku na mchana
bila kishindo, maelfu ya tani kwa mwaka,
juu ya mabati, juu ya sufu, juu ya kofia ya baba.
Nilitaka kumpa angalau hilo:
ndiyo, tunaongezewa.
Ingawa hewa nyepesi nayo hutuponyoka kule juu,
na wanaojumlisha na kutoa wanasema
huenda kinachotoka kinazidi kinachoingia.
Kama mshahara.

Darubini ya kuazima, taa ya mezani.
Vidonge mia tatu na kumi na viwili,
vyeusi, mviringo, vikinitazama kama macho ya panya.
Moyo ulinienda mbio mpaka usiku wa manane,
nilipoanza kuona kwamba vilikuwa laini mno,
vingine vitupu ndani, vyenye ukungu wa buluu
ninaoujua tangu utotoni kwenye mikono ya mtu.

Cheche.
Mia tatu na kumi na kimoja vilikuwa vya baba,
miaka yote ile ya kuunga kilekile kinachokatika:
vimeruka, vimepoa hewani, vimetua nyumbani.
Kimoja tu kilikuwa na mistari kama gamba la kobe.
Hicho ndicho kilikuwa kigeni.

Nilimwita. Akainama, akafumba jicho moja.
Cha angani alikitazama kwa heshima, kwa muda mfupi,
kama mgeni wa kanisani.
Vyake alivitazama hadi kahawa ikapoa.
"Hivi vyote ni vyangu?"
Vyote.
"Basi, mwanangu, hata mimi nimewahi kunyesha."

Tulimzika Oktoba, ardhi haijaganda bado.
Udongo tuliouchimba haukurudi wote shimoni,
haurudi kamwe; ukabaki tuta,
dunia imetuna pale
bila kuongezeka hata chembe.
Angedai ameshinda.

Waya umekatika tena mwezi uliopita.
Nimeuunga mwenyewe, vibaya, upepo ukivuma,
na cheche zilipoelekea kwenye paa la zizi
nikainua uso kuzifuata,
nikasahau miwani,
nikasahau kuhesabu.